Sura ya Saba: Kopo la Ugoro la Mzee Jere

Ifahamike kwa raia wote, wageni, wapita njia na wanyama wenyewe, kwamba kila simba anayetembea, kulala, kunguruma au kupiga miayo ndani ya mipaka ya Jamhuri ni mali ya Rais, anayemtunza kwa niaba ya wananchi. Na yeyote atakayemuua bila kibali, au kupatikana na kiungo chake chochote bila hati, kiwe ukucha, jino, ngozi, mafuta au mfupa, atakwenda jela kwa muda usiopungua miaka mitano, na kutojua sheria hakutakuwa utetezi.

Tangazo hili lenye mhuri wa tai lilikuwa limebandikwa ndani ya mlango wa choo cha kituo cha askari wa wanyamapori cha Kanjelele. Halikuwekwa pale kwa dharau. Mlango ulikuwa na ufa, na kituo kizima hakikuwa na karatasi nyingine ngumu kiasi kile. Kwa hiyo Inspekta Kabaso Lombe, mtu wa miaka hamsini na miwili, alikuwa akiisoma sheria kila asubuhi akiwa amechuchumaa, na huenda ndiye mtu pekee katika bonde zima la Luangwa aliyeijua kwa moyo.

Kesi aliyokuwa nayo wiki hiyo ilikuwa rahisi kueleza na ngumu kushika. Kanjelele kulikuwa na madume mawili ya simba, ndugu wa tumbo moja. Mmoja alivishwa shingoni mkanda wa redio na watafiti. Askari walimwita Ambuye, yaani babu, kwa jinsi alivyotembea kama anayekwenda kikao cha ukoo akijua hakitaanza bila yeye. Wa pili hakuwa na mkanda wala jina. Wawili hao walilinda majike sita na watoto kumi na mmoja. Kampuni ya uwindaji ya Kasolo ilikuwa na kibali cha dume moja lililozidi umri wa miaka sita. Siku kumi zilizopita mgeni wao, mwenye kiwanda cha vigae kutoka Hungaria, alimpiga yule asiye na jina. Alasiri hiyohiyo redio ya Ambuye ikanyamaza kando ya mto.

Dume moja likibaki, watoto wana nafasi. Yakifa yote mawili, madume mageni huvuka mto, na kazi yao ya kwanza ni kuua kila mtoto wasiyemzaa wao. Msimu unaofuata madume hayo mageni nayo hupigwa, na mengine huvuka. Hivyo ndivyo bonde linavyoweza kuzaa kila mwaka na kuzika kila mwaka. Kama Lombe angethibitisha kwamba Kasolo waliua simba wawili kwa kibali cha mmoja, baraza la vibali lingefunga uwindaji wa simba Kanjelele kwa miaka mitano. Baraza lingekaa Ijumaa iliyofuata. Leo ilikuwa Jumamosi.

Alikwenda kambi ya Kasolo kwa baiskeli. Mwindaji mkuu wa kambi, Fanie, mzungu aliyezaliwa huko huko bondeni na kukulia humo, alimpokea getini akiwa na kikombe cha kahawa.

"Inspekta. Baiskeli tena?"

"Gari liko juu ya mawe."

"Huu msimu wa tatu sasa."

"Mawe tumebadilisha."

Fanie akacheka, akamfungulia banda la ngozi bila kuombwa. Mtu anayefungua mlango bila kuombwa ama hana kitu cha kuficha ama amekwisha kukificha, na Lombe aliingia akiwa hajaamua ni yupi.

Ngozi ilikuwa moja, imekunjwa na kujazwa chumvi. Fuvu lilikuwa moja, limechemshwa likawa jeupe. Lombe alilipima kwa rula ya mbao ya sentimita thelathini, rula ya shule iliyochongwa jina CHOLA ubavuni, ambalo ni jina la binti yake. Alitazama meno: yamekuwa ya manjano, ncha zimechakaa. Miaka saba, huenda na nusu. Nambari ya lebo ililingana na nambari ya kibali. Kibali kilikuwa na sahihi zote.

"Chumvi," alisema Lombe. "Mwanzo wa mwezi mlikuwa na mifuko kumi."

"Imebaki mitatu."

"Saba imekwenda wapi?"

"Nyati watatu, mifuko miwili kila mmoja. Simba mmoja, mfuko mmoja. Hesabu mwenyewe."

Lombe akahesabu, na chumvi ikakubali. Akahesabu tena kwa ubishi, ikakubali tena.

"Na yule mwenye mkanda?"

"Mamba," alisema Fanie. "Umeliona bwawa pale redio iliponyamazia. Kuna mamba wa mita tano mle. Simba mzee anakuja kunywa, anasahau umri wake. Inatokea."

"Ambuye hakuwa mzee. Alikuwa na miaka mitano."

"Basi kijana asiye na adabu. Nao wanaliwa."

Bwawa Lombe alikuwa ameliona. Kuingia humo kutafuta mkanda kungehitaji ama mashua ya chuma ama askari wasio na familia, na kituo hakikuwa na vyote viwili. Chini ya mti waliponing'iniza mguu wa nyati ili kumvuta simba, ardhi ilikuwa imefagiliwa kwa matawi, safi kama uwanja wa kanisa. Kufagia si kosa.

Alikuwa amekwisha kushika usukani wa baiskeli alipokumbuka daftari la wageni. Kasolo walikuwa na daftari ambalo kampuni nyingine hazikuwa nalo. Simba ana vimfupa viwili vya bega ambavyo havishikani na mfupa mwingine wowote. Vinaelea tu ndani ya nyama, vimepinda kama mwezi mchanga. Wageni huvipenda sana, wakifika kwao huvivalisha dhahabu na kuwaning'inizia wake zao. Miaka michache nyuma mgeni mmoja alilalamika kwamba mifupa yake imeibwa kambini, na tangu siku hiyo Kasolo wakaamua kila mgeni asaini. Lombe akaomba kuliona. Fanie akalitoa, bado anacheka. Ukurasa wa siku ile ulisema: mifupa ya bahati, miwili, imepokelewa. Chini yake palikuwa na sahihi ndefu ya mwenye vigae. Lombe akaupiga picha kwa simu yake.

"Unataka kununua?" Fanie aliuliza.

"Nataka kujua mingapi imetoka."

"Simba mmoja, mifupa miwili. Hilo hata baiskeli yako inajua."

"Inajua," alisema Lombe. "Nilitaka uliseme wewe."

*

Kesho yake, Jumapili saa nne asubuhi, alikwenda kwa mzee Masauso Jere.

Jere alikuwa mchuna ngozi wa Kasolo kwa miaka thelathini na mmoja. Alikuwa Mngoni, na Lombe ni Mbemba. Zamani makabila hayo mawili yalipigana mpaka yakachoka, yakaona heri vita vimaliziwe kwa matusi, na tangu hapo ni watani. Mtani anaweza kukuita jina lolote mbele ya wakwe zako. Anaweza kuingia kwako akachukua kuku, kofia au sufuria na kuondoka navyo, nawe ukikasirika unatozwa mbuzi. Kitu kilichochukuliwa na mtani hakidaiwi. Hii nayo ni sheria, ingawa haijabandikwa chooni.

"Hodi."

"Nani huyo?"

"Serikali."

"Serikali gani ya baiskeli? Huyo ni mla nyani. NyaZimba, ficha watoto wasije wakafanana na chakula chake."

Jere alikuwa amekaa juu ya kigoda mbele ya moto, akichoma panya wa shamba waliopangwa kwenye kijiti kama nguo kwenye kamba. Mkewe, NyaZimba, alikuwa akimenya karanga. Majirani watatu walikuwa wamekuja kuazima jembe na hawakuwa na haraka ya kuondoka nalo.

"Karibu, mtani," alisema Jere. "Leo hakuna mkia wa nyani, utatusamehe."

"Nimezoea kuwasamehe. Hivi nani aliwafundisha kula vitu vya shimoni? Si ile siku babu zenu walipotukimbia wakajificha humohumo?"

Majirani wakacheka. NyaZimba akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge.

"Waliingia kwa kazi," alisema Jere. "Walikuwa wanawatafuta babu zako, wameambiwa wamo ndani."

Akamnyooshea kijiti. Lombe, kwa heshima ya sare na ya kabila lake, akakataa. Hili lieleweke vizuri: Inspekta wa Jamhuri hakula panya.

"Mtani," alisema Lombe, "mwezi huu umechuna simba wangapi?"

Moto ukalia. Jirani mmoja akakumbuka kwamba jembe linahitajika shambani, ingawa ilikuwa Jumapili na kiangazi.

"Mmoja," alisema Jere. "Daftari linasema mmoja."

"Sijaliuliza daftari."

"Mimi na daftari tunalala kambi moja."

"Ambuye ameliwa na mamba, naambiwa."

"Ukiambiwa, umeambiwa."

"Wewe unasemaje?"

Jere aligeuza panya mmoja mmoja, polepole, kama mtu anayepanga maneno. Kisha akamgeukia mkewe. "NyaZimba, nipe ugoro kidogo."

NyaZimba akafungua fundo la kitenge akampa. Lombe alitazama. Shingoni mwa Jere kulikuwa na kamba, na kwenye kamba kopo refu jembamba la bati, lile ambalo wageni hutupa wakishavuta sigara zao nene. Bonde zima lilijua kwamba hilo ndilo kopo la ugoro la mzee Jere. Sasa mtu ana ugoro shingoni na anaomba wa mkewe. Zaidi ya hayo, Jere alipopiga chafya, kopo liligonga ndani, kidogo, kama punje kwenye debe. Ugoro haugongi.

Lombe akasogeza kigoda. "Ugoro wako umekwisha?"

"Upo."

"Mbona hunusi?"

Jere akamtazama kwa mara ya kwanza tangu aje. "Sikiliza, mtani. Kinywa changu kina bosi. Nikikifungua, wajukuu saba wanafunga vyao. Mikono yangu nayo ina bosi, ingawa siku nyingine inafanya mazoea yake yenyewe. Miaka thelathini na mmoja mkono unakwenda begani mwa mnyama hata ukiambiwa choma kila kitu. Lakini shingo yangu," akaifuta jasho kwa kiganja, na alipoifuta, fundo la kamba likalegea, "shingo yangu haina bosi. Na mimi ni mtu mwenye watani wasio na haya."

Lombe hakungoja. Alinyoosha mkono, akalinyakua kopo, akasimama. "Nimechukua. Mngoni hana haja ya ugoro, pua zake zimezibwa na manyoya ya panya."

"Mwizi," alipiga kelele Jere. "Mnamwona? Mwizi wa Kibemba, mchana kweupe, mbele ya mke wangu."

"Nishitaki."

"Kwa nani? Polisi mwenyewe ndiye huyu."

Majirani walicheka mpaka mmoja akakaa chini. NyaZimba naye alicheka, ila aliacha kabla ya wenzake, akarudi kwenye karanga zake. Lombe akapanda baiskeli akaondoka akipiga kengele.

Nyuma ya kichuguu kikubwa, mahali ambapo hakuna mtu aliyemwona, alishuka na kufungua kopo. Vimfupa viwili vikaanguka kiganjani, vyeupe, vimechemshwa, vimepinda kama mwezi mchanga. Akavipima kwa rula ya mbao. Sentimita tisa kila kimoja. Vya chui havifikii urefu huo, na chui hakuwa kwenye daftari la msimu ule. Akavipima tena. Akahesabu kwa vidole: viwili vimekwenda Hungaria, viwili viko hapa. Simba hana mabega manne.

Alivirudisha ndani ya kopo, na kopo akalitia mfuko wa suruali akafunga kifungo. Fomu za ukamataji wa vielelezo alikuwa nazo kwenye mkoba, nakala tatu. Fomu ile hujazwa palepale, na mwenye mali husaini mbele ya shahidi. Hakuijaza. Mtani hajazi fomu.

*

Jumatatu saa tatu, katika ofisi ya mkuu wa kituo, Bi Mailesi Nyangu, kulikuwa na viti vinne na watu wanne. Bi Mailesi alikaa nyuma ya meza. Lombe alikaa kushoto. Kulia alikaa Lushomo Hamoonga, wakili wa Kasolo, aliyefika kutoka mjini kwa gari lisilo na vumbi hata chembe, jambo lisilowezekana kwa barabara ile na ambalo hadi leo halijapata maelezo. Kwenye kiti cha mlangoni alikaa mzee Jere, amevaa koti la mazishini. Gari la kampuni ndilo lililomleta, maana kicheko cha Jumapili kilikuwa kimefika kambini kabla ya usiku.

Lombe aliweka kopo mezani, akafungua, akapanga vimfupa juu ya karatasi, akaweka simu yenye picha ya daftari pembeni. Alieleza kwa dakika nne. Alikuwa ameyafanyia mazoezi maelezo hayo njia nzima, na yalikuwa mazuri.

"Mazuri sana," alisema Hamoonga. "Kaka Inspekta, maswali mawili tu. Hati ya upekuzi?"

"Sikupekua. Nilikuwa mgeni."

"Fomu ya ukamataji?"

Lombe akautazama mkoba wake, zilimokuwa nakala tatu tupu.

"Mgeni hakamati," alisema wakili, kwa upole wa daktari. "Sasa hiki kitu kilitoka vipi shingoni mwa mzee kikafika mfukoni mwako?"

"Utani," alisema Bi Mailesi. Hakuwa akiuliza.

"Ahsante, mama. Utani. Na utani, mimi Mtonga naujua vizuri, tunao wetu. Kilichochukuliwa kinakuwa cha nani?"

Hamoonga akageuka mlangoni. "Mzee Jere, shikamoo. Jana uliporwa na mtani wako?"

"Nilinyang'anywa," alisema Jere. Alikuwa akitazama viatu vyake.

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu. Walicheka."

"Ndani ya kopo kulikuwa na nini?"

Nje, mtu alikuwa akipasua kuni. Lombe alihesabu mapigo sita ya shoka.

"Ugoro," alisema Jere.

"Ugoro peke yake?"

"Kopo la ugoro huwa na ugoro, mwanangu."

"Mtani," alisema Lombe.

Jere hakuinua uso. "Usinitazame hivyo, mla nyani. Nina wajukuu saba." Sauti yake ilijaribu kuwa ya utani, ikafika nusu ya njia ikaishiwa.

Hamoonga akampa ruhusa ya kwenda kungoja kwenye gari. Mlango ulipofungwa aliweka kalamu mezani kwa uangalifu, sambamba na ukingo.

"Tuseme mzee anadanganya. Mimi sisemi, ila tuseme. Ukimtia hatiani, ni nani anayekwenda jela? Aliyepatikana na mfupa. Miaka mitano, ana miaka sitini na minane. Kampuni itasikitika sana kumgundua mwizi kazini, itamfukuza, itashukuru idara. Fanie hajaguswa. Mgeni yuko kwake anauza vigae. Kwa upande wa pili, tuseme mzee anasema kweli. Basi kopo liliingia mfukoni mwako na ugoro, likatoka na mifupa ya simba. Hapo aliyepatikana nayo ni nani?"

"Unajua ni nani," alisema Bi Mailesi.

"Mimi sipendi kesi." Akafungua mkoba, akatoa karatasi moja iliyochapwa. "Ripoti ya kufunga uchunguzi. Simba mwenye mkanda anaaminika kuliwa na mamba. Inspekta asaini hapa, hivi vimfupa virudi mtoni alikotoka mamba, nasi sote tule chakula cha mchana."

Lombe aliisoma karatasi yote, mpaka jina la mchapaji. Kisha akaigeuza upande mweupe.

"Mkuu," alisema, "naomba kalamu."

"Kabaso, usifanye upumbavu."

"Karatasi hii nzuri. Ngumu. Ingefaa mlango." Akaanza kuandika, akisema kwa sauti kila alichoandika, kama mwalimu wa imla. "Mimi, Kabaso Lombe, leo nimepatikana na mifupa miwili ya simba bila hati. Aliyenipa simtaji. Naomba mahakama iagize mifupa hii ipimwe, ilinganishwe na damu ya simba iliyohifadhiwa na watafiti siku alipovishwa mkanda."

Hamoonga aliacha kutabasamu. Ilikuwa hila nzuri, na aliitambua. Kesi haikuwa na mshitakiwa ambaye sheria ingemfikia, kwa hiyo Lombe alikuwa akiipatia mmoja. Kesi ikiwapo, mifupa ni kielelezo. Kielelezo kikipimwa, Ambuye anaingia mahakamani kwa jina lake, amekufa kwa kisu na chungu cha kuchemshia wala si kwa meno ya mamba. Na akiingia mahakamani, baraza haliwezi kusema halijamwona.

"Unafahamu ni miaka mingapi?" aliuliza Bi Mailesi.

"Isiyopungua mitano. Naisoma kila siku."

Alisaini. Bi Mailesi akamwomba mkanda wake wa sare na beji, na akaandika risiti ya vyote viwili, kwa sababu kitu chochote kinachochukuliwa na Serikali lazima kiwe na fomu.

*

Mahakama ilikaa Jumatano, ikachukua dakika kumi na moja.

"Unakiri kosa?" aliuliza hakimu.

"Nakiri, mheshimiwa. Ila ninaomba, kabla ya hukumu, mifupa ipimwe."

Hakimu alikuwa na kesi ishirini na nne siku hiyo na mafua. "Ipimwe kwa nini?"

"Ijulikane ni ya simba gani."

"Umekiri ni ya simba?"

"Ndiyo."

"Upande wa mashitaka unabisha?"

Mwendesha mashitaka akasema habishi.

"Basi hakuna linalobishaniwa. Kielelezo hupimwa kukiwa na ubishi, Inspekta. Aliyekiri amemaliza kazi ya mahakama." Akapenga kamasi. "Ulikuwa na hati?"

"Sikuwa nayo."

"Miaka mitano. Vielelezo viteketezwe kwa mujibu wa sheria."

Viliteketezwa nyuma ya mahakama, ndani ya nusu pipa, pamoja na magunia mawili ya bangi ya kesi nyingine. Karani alisema mifupa ilichelewa kushika moto. Ijumaa baraza lilikaa na kuongeza kibali cha Kasolo, simba mmoja, kwa kuwa hapakuwa na malalamiko yoyote yaliyothibitishwa, isipokuwa kashfa ya kusikitisha ya ofisa mmoja wa idara aliyekuwa akifanya biashara ya mifupa.

Bi Mailesi alimwandikia Lombe barua jela wakati wa mvua. Madume mawili yalivuka kutoka ng'ambo mwezi wa Desemba. Askari walifuata nyayo za majike kwa siku nne. Za watoto walizihesabu kumi na moja mwanzoni mwa wiki, nne katikati, kisha zikabaki za majike tu, zikizunguka mahali pamoja. Barua hiyo ilisema pia kwamba gari la kituo bado liko juu ya mawe.

Sura hii ingeishia hapo, na ingeishia kwa heshima, kama si bwana jela anayesoma madaftari yote ya wafungwa kabla hayajatoka getini. Jana ameniita. Ameniambia hadithi si mbaya, ila ana maswali. Kwanza: kama nyuma ya kichuguu hapakuwa na mtu, wewe mwandishi umejuaje kwamba Lombe alipima mara mbili? Pili, akafungua bahasha ya vitu nilivyoacha getini siku niliyoingia, akatoa rula ya mbao yenye jina CHOLA ubavuni, akaiweka mezani.

Basi nakiri. Ni mara ya pili, na safari hii nina uzoefu. Kabaso Lombe ni mimi. Nilimwandika kama mtu wa mbali ili niweze kumcheka, na kwa kurasa nyingi iliwezekana. Mzee Jere nimemtaja kwa sababu hakuna tena wa kumfunga: alifariki kwa kifua mwezi wa Februari. Mngoni akizikwa, mtani Mbemba ndiye anayeingia kaburini, analala chali na kukataa kutoka mpaka apewe kitu, na watu wanacheka penye kilio. NyaZimba aliwaambia wachimbaji wangoje. Wakangoja mpaka saa kumi, kisha wakafukia.

Nakiri pia kwamba panya nilikula. Wanne. Chumvi yao ilikuwa ya mawe, ile ya banda la ngozi, nami niliitambua ulimini na sikuiandika popote, maana mzee alikuwa ameniongezea wa tano.

Simba walikuwa wawili. Hati sikuwa nayo.